Majina ya Mito, na Kibao cha Ofisini Kwangu

Nilipokuwa darasa la sita katika shule ya kati, mwalimu wetu wa jiografia alitukaririsha mito ya Uingereza. Tulisimama mstarini na kuitaja kwa sauti moja: Severn, Thames, Trent, Wye. Aliyeruka jina alipata viboko viwili. Mwaka ulikuwa 1962. Nchi ilikuwa imepata uhuru miezi michache tu nyuma, lakini vitabu vilikuwa bado vile vile vya zamani. Mimi niliruka Wye, nikachapwa, na tangu siku hiyo sikulisahau jina hilo. Wala sikujua kwamba jina nililochapiwa halikuwa jina la mto huo kwa watu waliokunywa maji yake tangu kale.

Hilo nilikuja kulijua robo karne baadaye. Mwaka 1987, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari, nilipelekwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa masomo ya mwaka mmoja ya uongozi wa shule. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mgane, mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye kikohozi cha kudumu. Jumapili ya kwanza alinichukua kutembea kando ya mto unaopita katikati ya mji. Kwenye kibao cha daraja palikuwa na majina mawili, Taf juu na Taff chini. Nikamwuliza lipi ni sahihi.

“Moja ni jina,” akasema, “na jingine ni namna Waingereza walivyolisikia.”

Tukaketi kwenye benchi, naye akanitajia mito niliyoikariri utotoni, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yake. Severn ni Hafren. Wye ni Gwy. Usk ni Wysg. Dee ni Dyfrdwy, na jina hilo, alisema, lina maana ya maji ya mungu wa kike. Nilihisi kama mtu aliyeishi na jirani miaka mingi akimwita kwa jina la utani, halafu siku moja akaambiwa jina alilopewa na wazazi wake.

Msomaji huenda akajiuliza jambo hili lina uzito gani kwa mtu wa Afrika Mashariki. Naomba anivumilie kidogo. Nitafika.

Kiwelisi ni lugha ya kale. Kabla Waingereza hawajavuka bahari kuja kisiwani, lugha mama ya Kiwelisi ndiyo iliyosemwa katika sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Uingereza. Wageni wale walipofika, walimkuta mwenyeji kando ya maji. Yamkini walimwuliza, “Hiki ni nini?” Naye akajibu kwa neno la lugha yake lenye maana ya mto. Kwa Kiwelisi cha leo neno hilo ni afon, na hutamkwa “avon”. Basi wageni wakadhani hilo ndilo jina lake. Ndiyo sababu Uingereza ina mito kadhaa iitwayo Avon, na kila Mwingereza anayetaja Mto Avon anasema “Mto Mto” bila kujua. Tusiwacheke. Sisi nasi tunasema Ziwa Nyasa, na katika lugha ya Wayao wa pande zile nyasa ni ziwa. Livingstone aliuliza, akajibiwa, akaandika kwenye ramani.

Mmoja wa mito hiyo ya Avon unapita Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare. Nilipogundua hilo nilitabasamu peke yangu. Mwandishi mkuu kuliko wote wa Kiingereza alikulia kando ya mto wenye jina la Kiwelisi. Na mwandishi huyo huyo, Mwalimu Nyerere alimtafsiri mwaka 1963, tukapata Juliasi Kaizari kwa Kiswahili. Lugha hupita ndani ya lugha nyingine, kama maji yanavyopita chini ya ardhi.

Wakati wa Pasaka mwaka 1988 mzee alinikaribisha kwenye gari lake dogo tuzunguke nchi. Tulianza kwa kupanda bonde la Taf kuelekea kaskazini. Mto huo una vyanzo viwili katika milima ya Bannau Brycheiniog, Taf Fawr na Taf Fechan, yaani Taf Mkubwa na Taf Mdogo, na vyanzo hivyo hukutana karibu na Merthyr Tudful. Huko juu maji ni maangavu. Lakini chini zaidi bonde ni jembamba, na nyumba zimejipanga mistari mirefu ubavuni mwa vilima kama wanafunzi paredini. Palikuwa na migodi ya makaa ya mawe kila upande, na mzee alinieleza kwamba utotoni mwake mto ulikuwa mweusi kama wino.

Njiani alinifundisha neno la pili. Aber ni mahali maji yanapomalizikia, ama baharini ama katika mto mwingine. Ukilijua neno hilo, ramani ya Wales inaanza kusema. Abertawe ni mwisho wa mto Tawe, nasi tulikariri Swansea. Aberteifi ni mwisho wa Teifi. Aberystwyth ni mwisho wa Ystwyth, na ystwyth maana yake ni -enye kupinda kwa wepesi, kama kijiti kibichi. Waliotoa majina hayo walikuwa wakieleza nchi ilivyo, ili mgeni asipotee na mwenyeji asijisahau.

Kisha akasimamisha gari mahali paitwapo Aberfan. Kwa maana ile ile, ni mahali kijito cha Fan kinapoingia mtoni. Tulipanda hadi makaburini. Kuna safu ndefu ya matao meupe kwenye mteremko, na chini ya matao hayo wamelala watoto. Tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, kilima cha taka za makaa ya mawe kiliporomoka na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula. Taka hizo zilikuwa zimerundikwa juu ya chemchemi. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa mwaka 1967 na kuliwekea lawama Shirika la Taifa la Makaa ya Mawe.

Mimi ni mwalimu. Sikuweza kusimama pale bila kuhesabu. Watoto 116 ni madarasa matatu. Mzee hakusema neno mpaka tuliporudi garini. Ndipo akasema kwamba jina la kijiji lilikuwa limetangaza kwa karne nyingi kuwa hapa kuna maji yanayoshuka. Waliorundika taka hawakulisikiliza.

Kesho yake tulifika Pumlumon. Ni mlima usio na makuu, mita 752 tu, mpana, hauna miti. Ni majani, mboji inayobonyea chini ya kiatu kama sifongo, kondoo, na mvua ambayo haikuonekana kuanza wala kumalizika. Lakini kutoka mlima huu mmoja hutoka mito mitatu. Wa kwanza, Hafren, unazunguka mashariki, unaingia Uingereza, kisha unarudi kusini-magharibi mpaka baharini, mwendo wa kilomita 354, mrefu kuliko mito yote ya kisiwa cha Britania. Wa pili, Gwy, unapita katika mabonde yenye misitu na mashamba, na mwishowe unakutana tena na ndugu yake karibu na bahari. Wa tatu, Rheidol, hauna subira. Unakimbilia magharibi moja kwa moja hadi Aberystwyth. Wenyeji husema walikuwa dada watatu waliolala pamoja mlimani, na kila mmoja akachagua njia yake ya kwenda kuiona bahari.

Nilisimama pale juu, maji ya Gwy yakiwa kijito ambacho mtoto angekiruka, nikayakumbuka viboko vyangu viwili.

Kusini ya Aberystwyth, karibu na Llanrhystud, kando ya barabara kuu, kuna kipande cha ukuta wa nyumba iliyobomoka. Juu yake pameandikwa kwa rangi maneno mawili: Cofiwch Dryweryn. Yaliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na yamepakwa rangi upya mara nyingi tangu hapo. Mzee aliniambia maana yake ni kukumbuka Tryweryn, ambao ni mto. Nilimwuliza kwa nini ukutani jina limeanza kwa D. Akacheka, akasema kwamba katika lugha yao mwanzo wa neno hubadilika kufuatana na neno linalotangulia, jambo linalowasumbua sana wageni. Nikamwambia halinisumbui hata kidogo; sisi ulimi mmoja ni ulimi, zikiwa nyingi ni ndimi, na mgeni akitafuta ndimi kwenye kamusi atakesha. Tena nikamwuliza kama cofiwch huambiwa mtu mmoja au wengi. Wengi, akasema, au mmoja anayeheshimiwa. Basi ni “Kumbukeni”, nikamwambia. Kiingereza hakina namna ya kulisema hilo kwa neno moja, Kiswahili kinayo. Yule mzee aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia kabla. Akasema, “Kesho nitakupeleka huko.”

Bonde la Tryweryn liko kaskazini, karibu na mji wa Bala. Nilichokiona ni ziwa: maji mengi, ya kijivu, yaliyotulia, na ukuta mkubwa wa bwawa uliofunikwa majani. Chini ya maji hayo kilikuwapo kijiji cha Capel Celyn. Mji wa Liverpool ulitaka maji, na mwaka 1957 Bunge la London likapitisha sheria ya kuruhusu bonde lizamishwe. Wabunge 35 kati ya 36 wa Wales waliupinga mswada huo, haikufaa kitu. Mwaka 1965 bwawa lilifunguliwa rasmi. Shule ilizama, na posta, na kanisa, na nyumba na mashamba 12. Kati ya wakazi 67, watu 48 walipoteza makazi yao. Kilikuwa kijiji cha watu waliosema Kiwelisi kuanzia utotoni hadi kaburini. Sisemi watu wa Liverpool hawakuhitaji maji. Kila mtu anahitaji maji. Baraza la mji huo liliomba radhi mwaka 2005, miaka arobaini baadaye.

Tulikaa ndani ya gari tukinywa chai ya chupa. Mvua ilikuwa ikipiga kioo. Mzee akaanza kunisimulia habari za babu yake. Katika karne ya kumi na tisa, alisema, zilikuwapo shule ambazo mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao cha mbao shingoni. Kibao kilihama. Aliyekivaa alimvizia mwenziwe ateleze, akamsukumia yeye. Na yule aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Babu yake alikivaa. Tena waliosimamia mambo hayo, alisema, mara nyingi hawakuwa Waingereza. Walikuwa walimu wa Kiwelisi wenyewe, watu wema, waliodhani wanawasaidia watoto wapate kazi.

Chai ilinikwama kooni. Maana kibao hicho nilikuwa nacho mimi, ofisini kwangu, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nitakieleza kilivyokuwa. Kilikuwa cha mninga, ukubwa wa kitabu, na kamba ya katani. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili ndani ya eneo la shule alikivaa mpaka amkamate mwingine. Jioni aliyekuwa nacho alifagia vyoo. Sikukianzisha mimi, nilikikuta. Lakini kamba ilipokatika mimi ndiye niliyeagiza mpya. Na hoja yangu ilikuwa ile ile ya walimu wa Wales: mtihani ni wa Kiingereza. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilikuwa imependekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikaliacha pendekezo hilo. Mimi ni nani nibishe?

Na pale kando ya ziwa nilikumbuka siku moja ya mwaka 1984. Mzazi mmoja alikuja kwa miguu kutoka kijijini kuleta salio la ada na mfuko wa unga kwa mwanawe wa kidato cha pili. Kijana alimwona babake uwanjani, akamkimbilia, akamwamkia “Shikamoo baba”. Kiranja alikuwa karibu. Akakitoa kibao kwa aliyekuwa nacho, akamvisha kijana palepale, mbele ya mzazi wake. Yule baba alikuja ofisini kwangu amevua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, mwanangu ameiba nini?”

Nikamwambia, “Hajaiba kitu, mzee. Amesema Kiswahili.”

Akacheka. Alidhani namtania. Alipoona sicheki, akanyamaza, akahesabu ada mezani noti baada ya noti, akaaga. Nilimwandikia risiti kwa Kiingereza.

Sikumsimulia mwenyeji wangu habari hiyo, si siku ile wala baadaye. Yeye alikuwa amenifungulia moyo kama mtu anayeamini kwamba tuko upande mmoja wa maji. Niliona haya. Ni jambo ambalo hadi leo najilaumu, maana nadhani angeelewa.

Niliporudi nyumbani niliitisha kikao cha walimu na kueleza kwamba kibao basi. Walimu waliniuliza maswali ya haki. Je, watoto watakijuaje Kiingereza? Je, wakifeli nani atajibu? Sikuwa na majibu mazuri. Tulikubaliana kwamba darasani kitasemwa Kiingereza, na nje ya darasa kila mtu atasema anachoweza. Kibao nilimpa mpishi wa shule, akakitia motoni chini ya sufuria la maharage. Sikutoa hotuba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona kamba inashika moto kwanza.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule kijana, sasa mtu mzima, mwanasheria mwenye gari zuri. Alinisalimia kwa furaha. Nikajikaza nikamwomba radhi kwa ajili ya siku ile. Akacheka kama babake. “Mwalimu, kile kibao ndicho kilichonifundisha Kiingereza,” akasema. Sikujua nifurahi au nilie. Nikamwulizia mzee wake. Akasema alikwisha fariki. Kwa hiyo radhi hiyo ilibaki mikononi mwangu, na mwenye kuipokea hayupo.

Wales yenyewe haikukaa kimya. Kiwelisi kilipewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2011, na ziko shule ambazo watoto hufundishwa masomo yote kwa lugha hiyo. Mwaka 2023 hifadhi ya milima ile ya kusini ilitangaza kwamba itajiita Bannau Brycheiniog tu, kwa Kiwelisi. Hata hivyo sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, chini ya watu 18 katika kila 100. Upande wa pili wa mpaka, Uingereza, hakuna msemaji wa zamani aliyebaki. Yamebaki majina ya mito. Derwent ni mto wa mialoni, Avon ni mto, na wanaovua samaki humo hawajui. Jina la mto huishi kuliko lugha iliyolizaa. Ni heshima kubwa kwa lugha kuacha alama kama hiyo, lakini ni heshima anayopewa marehemu.

Sasa nimefika umri aliokuwa nao mwenyeji wangu wa Cardiff, na kikohozi ninacho. Wajukuu wangu wakija likizo, huwapeleka kwenye kijito kinachopita chini ya shamba. Wanasoma shule za Kiingereza mjini. Kiswahili wanakijua kwa kukichanganya, na lugha ya bibi yangu hawaijui kabisa. Huwafundisha majina: kijito hiki, kile cha ng'ambo, jiwe lile kubwa, kilima kile cha mashariki, na maana ya kila jina kwa lugha ya bibi.

Mwaka jana mjukuu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, aliniuliza maana ya jina la kijito chenyewe, hiki tulichokuwa tumetia miguu ndani yake. Nikafungua kinywa kumjibu. Najua kwamba niliwahi kuambiwa. Namkumbuka marehemu mama akinieleza, nami nikiwa nimebeba mtungi nyuma yake. Naikumbuka hata nguo aliyovaa. Maana yenyewe imenitoka. Nimewauliza wazee waliosalia kijijini, na wazee hao ni wachache, na baadhi yao ni wadogo kwangu. Hakuna anayejua.

Nilimwambia mjukuu kwamba nimesahau. Akalitamka jina la kijito mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, kisha akalitia kwenye daftari lake pamoja na mengine, akaacha nafasi mbele yake.